Mkupuo wa mstaafu uanzie wapi: hatifungani, mfuko wa pamoja, benki, boma au jikoni?

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi aliyeutumikia umma wa Tanzania kwa miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu bora ni shilingi milioni 1 kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha pensheni kilichoanza kutumika Julai 2022, miezi yake ya utumishi inagawanywa kwa 580, kisha inazidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka, na jibu lake ni takriban shilingi 7,448,000. Asilimia 40 ya kiasi hicho inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, yaani yote kwa mara moja, ambao unafika takriban shilingi 37,241,000, na asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12 na kuwa pensheni ya takriban shilingi 372,400 kila mwezi. Asilimia 40 hii ni ya wale ambao zamani walikuwa wakilipwa mkupuo wa asilimia 50; waliokuwa katika asilimia 25 wanapata 35, baada ya bajeti ya mwaka 2024/25 kuiacha ile asilimia 33 iliyolalamikiwa sana.

Mshahara wa milioni 1, hata baada ya makato yake yote, haufanani na pensheni ya laki tatu na sabini. Pengo hilo ndilo linalompa mstaafu haraka ya kuuweka mkupuo mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo huchaguliwa kwa kusikiliza nani anatangaza asilimia kubwa zaidi. Mimi naona asilimia ni swali la pili. La kwanza ni kwamba fedha italipa lini, na ikihitajika ghafla itatoka baada ya muda gani, kwa sababu nyumba ya mstaafu haili kwa mwaka; inakula kila siku, na mwezi wake una tarehe za kudaiwa ambazo hazisubiri mnada wala gawio. Kwa sababu hiyo nimeliingiza jiko katika ulinganisho huu kama sehemu ya kuwekeza, likae pamoja na benki na soko la mitaji. Nambari zitaonyesha kama linastahili kukaa hapo.

Hatifungani za serikali

Hatifungani, yaani hati ya kuikopesha serikali, inauzwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa mnada, kuanzia shilingi milioni 1, kwa vipindi vya kuanzia miaka 2 hadi 25, na mnunuzi wa kawaida huingia kupitia benki yake au dalali wa soko la hisa. Riba yake, yaani kuponi, hulipwa kila baada ya miezi sita hadi hatifungani inapoiva, yaani muda wake unapokwisha na mtaji kurudishwa. Riba ya hatifungani za muda mrefu imekuwa ikisamehewa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla riba haijamfikia mwenyewe, na huo ni msamaha wenye uzito kwa mtu anayeishi kwa riba.

Kuponi haipandi wala kushuka baada ya kununua, lakini hutofautiana toleo hadi toleo. Mwaka 2022 kuponi ya toleo la miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na aliyenunua kabla ya hapo aliendelea kulipwa ile ya juu. Tukitumia asilimia 12 kwa hesabu nyepesi, shilingi milioni 20 zinaleta milioni 2.4 kwa mwaka, zikija kwa mafungu mawili ya milioni 1.2. Ukiligawanya kwa miezi ni laki mbili kila mwezi, na hapo mwalimu wetu anakuwa na takriban 572,000 badala ya 372,000.

Kasoro zake ni mbili, na wauzaji wake hawazisemi kwa sauti kubwa. Ya kwanza ni kwamba laki mbili hizo haziji kila mwezi. Zinakuja milioni 1.2 kwa siku moja, na nyumba ambayo haijazoea kupokea fedha kwa mafungu huona siku hiyo kama siku ya sherehe, kisha miezi mitano inayofuata inaishi kwa kukopa dukani. Ya pili ni kwamba mtaji haukui. Mstaafu wa miaka 60 anayenunua hatifungani ya miaka 20 atarudishiwa milioni 20 zake akiwa na miaka 80, na ikiwa bei za vitu zitakuwa zimepanda kwa asilimia 4 kila mwaka, milioni 20 hizo zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban milioni 9. Anaweza kuiuza kabla ya kuiva katika soko la upili, ambako wawekezaji huuziana wao kwa wao, lakini bei atakayopata itategemea matoleo mapya yanalipa kiasi gani siku hiyo; matoleo mapya yakilipa zaidi, ya kwake itauzwa kwa hasara.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja

UTT AMIS, kampuni ya umma, inaendesha mifuko kadhaa inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja, na kwa mstaafu miwili inafaa kutazamwa kwa karibu. Mfuko wa Hatifungani, ulioanzishwa 2019, unamruhusu mwekezaji kuchagua kulipwa gawio kila mwezi akianza na shilingi milioni 10, au kila miezi sita akianza na milioni 5. Mfuko wa Ukwasi hauna mpango wa gawio la mwezi, lakini vipande vyake, yaani sehemu ndogo za mfuko anazomiliki mwekezaji, huuzwa na fedha kulipwa ndani ya siku tatu za kazi, kwa hiyo ni mahali pazuri pa fedha ya matibabu, msiba au bati lililong'oka.

Tofauti kubwa kati ya mfuko na hatifungani iliyonunuliwa moja kwa moja ni kwamba hatifungani inakuahidi kiasi, na mfuko haukuahidi. Unanunua vipande, thamani ya kipande inatangazwa kila siku ya kazi, na gawio linategemea mfuko ulivyopata. Mtu asiyelala akiona nambari imeteremka hata kidogo hatafurahia. Hata hivyo, kwa mstaafu wa kipato cha kati, gawio la mwezi lina thamani ambayo haionekani kwenye asilimia, kwa sababu linakuja kwa mwendo uleule wa mshahara aliouzoea kwa miaka 30. Ikiwa milioni 10 zitagawa asilimia 10 kwa mwaka, ni takriban 83,000 kila mwezi. Hizo zinatosha bili ya umeme, maji na mboga bila kugusa pensheni. Ningekubali kupoteza asilimia moja au mbili ili nipate mwendo huo.

Amana ya muda maalumu benki

Hapa nitapita haraka. Amana ya miezi 6 au 12 ni rahisi kufungua na rahisi kuelewa, lakini riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, muda wake ni mfupi kiasi kwamba unajadiliana upya kila mwaka, na ukivunja mkataba kabla ya tarehe unapoteza riba. Bima ya amana inamlinda mwenye akaunti hadi shilingi milioni 7.5 katika kila benki, kwa hiyo mstaafu anayeweka milioni 30 katika benki moja ajue ni sehemu gani ya fedha yake iliyo chini ya kinga hiyo. Amana inafaa kwa fedha ambayo tayari ina kazi na tarehe: ada ya mtoto wa mwisho ya Januari, au fedha inayosubiri mnada wa hatifungani.

Boma

Kila mtaa una boma lililosimama kwenye lenta, majani yamemea ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa sebule, na nondo zinachungulia juu zikiwa zimeshika kutu. Sehemu kubwa ya maboma hayo ni mikupuo ya wastaafu. Fundi alikadiria kwa bei ya simenti ya mwezi ule, paa likaja na bei yake, na mkupuo ukaisha kabla ya bati la kwanza.

Hata hivyo si sahihi kusema nyumba ya kupangisha ni chaguo baya, kwa sababu ina sifa moja ambayo hatifungani haina: pango hupanda bei za vitu zinapopanda, na kiwanja nacho kinapanda. Linalotakiwa ni kuhesabu kwa haki. Tuseme mstaafu anaanza msingi leo, anatumia milioni 20, na anapata vyumba viwili vya shilingi 60,000 kila kimoja. Hiyo ni milioni 1.44 kwa mwaka, sawa na asilimia 7.2 ya alichotumia, kabla ya kutoa kodi ya mapato ya pango, kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, gari la kunyonya choo, rangi, na miezi ambayo chumba kimekaa bila mpangaji. Hatifungani ya asilimia 12 inamshinda kwa mbali, na wala haigongi mlango saa mbili usiku kulalamika kwamba bomba limepasuka.

Sasa tuseme mstaafu mwingine ana boma lililokwishapauliwa, na linahitaji milioni 6 tu za madirisha, sakafu, umeme na choo ili litoe vyumba viwili vya 50,000. Zile alizotumia zamani zimekwishatumika. Zinazohesabiwa ni milioni 6 za leo, na zinaleta milioni 1.2 kwa mwaka, yaani asilimia 20. Huyu amalize boma lake kwanza, kisha ndipo afikirie mnada. Jibu la swali la nyumba, kwa hiyo, linategemea nyumba imefika wapi, na watu wawili wenye mkupuo uleule wanaweza kupewa ushauri tofauti kabisa bila ya mshauri kujipinga.

Bodaboda ya kukabidhi kijana kwa hesabu ya siku, kuku wa nyama na duka la mtaani sivilinganishi hapa, kwa sababu hizo ni kazi, si vitega uchumi. Aliyekuwa akifuga tangu kazini ataendelea kufuga vizuri. Anayeanza kufuga akiwa na miaka 60 kwa fedha ya mkupuo ananunua ajira mpya, na inambidi aipime kwa magoti yake pia.

Jikoni

Hili ndilo chaguo lisilotajwa katika semina za kuaga watumishi, na kwa shilingi laki tano za kwanza halina mpinzani.

Tuchukue nyumba ya watu wawili inayopikia mkaa wa kupima, shilingi 1,500 kwa siku. Kwa mwezi ni 45,000. Nyumba hiyohiyo ikinunua jiko la presha la umeme, tuseme kwa 200,000, na kuupeleka huko ule upishi wa muda mrefu, yaani maharage, makande, supu na wali, itatumia takriban uniti 0.8 kwa siku, sawa na uniti 24 kwa mwezi. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, ambaye uniti moja pamoja na kodi na tozo inamfikia takriban shilingi 356, hizo ni 8,500. Chai na ugali vibaki kwenye gesi, kwa sababu ugali unataka mkono na sufuria iliyotulia, na jiko la presha halikuundwa kwa mwiko. Mtungi wa kilo 6 ukijazwa kwa 24,000 na kudumu mwezi mmoja na nusu, gesi ni 16,000 kwa mwezi. Jumla ni 24,500, na akiba ni takriban 20,000 kila mwezi, au 240,000 kwa mwaka. Msomaji aweke bei za mtaani kwake. Muundo wa hesabu hautabadilika sana.

Laki mbili zile zile zikiwekwa kwenye hatifungani ya asilimia 12 zingezaa 24,000 kwa mwaka. Jikoni zinazaa mara kumi ya hizo, bila kodi ya zuio, na zinajirudisha ndani ya miezi kumi. Au tuligeuze: ili apate 240,000 kwa mwaka kutoka hatifungani, mwalimu wetu angelazimika kufunga milioni 2.

Mwenye matumizi madogo yaliyo chini ya uniti 75 kwa mwezi, ambaye yuko katika daraja la uniti ya shilingi 100, yaani takriban 122 pamoja na tozo, atapata nafuu kubwa zaidi, lakini ahesabu kwanza. Friji ndogo inaweza kula takriban uniti moja kwa siku, taa, televisheni na pasi zina zao, na uniti 24 za jikoni zikiongezwa juu yake zinaweza kumvusha mpaka wa 75. Uniti zinazozidi hapo hulipiwa 350 kabla ya tozo, na akizoea kuzidi anaweza kuhamishwa daraja. Kwa nyumba kama hiyo ni afadhali maharage yapikwe mara moja kwa siku tatu, yagawanywe kwenye vyombo, kuliko kuwasha jiko kila jioni.

Sufuria ya maharage yenyewe ina faida yake. Kilo moja iliyoorodheshwa kwenye bajeti kama mboga ya siku moja inaweza kuwa milo minne ya watu wawili. Yaloweke tangu usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, yaingie kwenye jiko la presha bila chumvi. Yakiiva, sehemu ya kwanza iungwe kwa kitunguu, nyanya na tui, iliwe na wali. Sehemu ya pili ichanganywe na mahindi yaliyokobolewa iwe makande. Zinazobaki ziende kwenye friji kavukavu, bila nazi, kwa sababu chakula cha nazi huchacha upesi. Nazi moja inatosha vyungu viwili kwa mpishi asiye na haraka: tui jepesi la mkamuo wa pili linapikiwa wali, tui zito linawekwa mwisho kwenye maharage. Magadi yanalainisha maharage haraka, ni kweli, lakini yana sodiamu, na nyumba yenye mtu wa shinikizo la damu haiyahitaji ikiwa ina jiko la presha.

Kuhusu kununua kwa jumla au kwa kupima, jibu si moja kwa vyakula vyote. Mahindi yanafaa kununuliwa kwa gunia wakati wa mavuno na kuhifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo dumuzi watakula akiba yote. Tofauti kati ya mahindi ya gunia, pamoja na gharama ya mashine, na unga wa dukani ikiwa 500 kwa kilo, gunia la kilo 100 linaokoa 50,000 kwa watu wawili wanaokula kilo 15 kwa mwezi, ndani ya miezi isiyozidi saba. Kusaga ni debe moja moja, hasa kwa wanaopenda dona, kwa maana kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake huchachuka mapema kuliko sembe. Maharage ni kinyume chake. Yakikaa muda mrefu kwenye joto yanakuwa magumu, yanakula nishati, na akiba ya bei inarudi kwenye LUKU, kwa hiyo sado mbili au tatu kwa wakati zinatosha. Mafuta ya kupima ya kila siku ndiyo ghali kuliko yote kwa lita, ilhali yanaonekana ya bei ndogo. Dagaa wakavu hawahitaji friji na wanaleta protini kwa bei ambayo nyama haiwezi, na mchicha, matembele na kisamvu vinamea hata kwenye viroba uani.

Lakini jiko lina ukomo, na hapo ndipo linapozidiwa na hatifungani. Ukishanunua sufuria, mifuko na gunia, laki ya sita au milioni ya pili haina kazi jikoni. Kuendelea kubana baada ya hapo kunamaanisha kukata samaki, matunda na maziwa, na mwili wa miaka 65 unaokosa vyakula hivyo utalipa kwa njia nyingine, hata kama mstaafu na mwenza wake wana kadi ya bima ya afya ya NHIF.

Mgawanyo ninaoupendelea

Kwa mkupuo wa milioni 37.2, ningeanza na laki tano jikoni. Milioni 3 ziende Mfuko wa Ukwasi na zisiguswe kwa jambo lolote linaloweza kusubiri wiki mbili. Milioni 10 ziende Mfuko wa Hatifungani kwa gawio la kila mwezi, na milioni 20 ziende hatifungani za serikali, zigawanywe kwenye matoleo mawili ya milioni 10. Zinabaki takriban milioni 3.7 kwa matengenezo ya nyumba anayoishi na kwa ndugu, kwa sababu wataomba, na ni heri kuwatengea fungu lenye mwisho kuliko kuwapa kidogo kidogo kutoka kila mahali. Mwenye boma lililopauliwa apunguze fungu la hatifungani kwa milioni zinazohitajika kulimaliza.

Matoleo mawili yawe na miezi tofauti ya kuponi, moja Januari na Julai, lingine Aprili na Oktoba, ili badala ya mafungu mawili makubwa yaje manne ya takriban laki sita. Lile la Julai linaangukia majira ambayo mahindi mapya ya nyanda za juu yanashuka masokoni, hivyo gunia linanunuliwa kwa riba na pensheni ya mwezi ule inabaki nzima. La Januari linakutana na ada. Anayenunua kwenye soko la upili amuulize dalali tarehe za kuponi kabla hajauliza bei, maana dalali mwingi wa maneno huanza na asilimia.